Mtumba wa Milioni Moja na Laki Mbili

Wiki mbili zilizopita, katika kundi la WhatsApp la watu wa kwetu tuliosoma pamoja, mwenzetu mmoja alibandika picha ya kisanduku cheusi kilichozungushiwa plastiki ya mapovu, kikiwa juu ya kaunta ya ofisi ya mizigo ya basi pale stendi ya Makambako. Kisanduku kile ni changu. Chini ya picha aliandika kwamba mhadhiri wetu amenunua mtumba wa milioni moja na laki mbili wa kusikilizia sahani za babu. Vicheko vikafuata, na baada ya vicheko, mahubiri. Ndugu mmoja, mtumishi wa umma mwenye cheo kizuri, aliuliza iweje mtu anayeandika kila mwezi dhidi ya ubadhirifu wa fedha za umma awe mbadhirifu wa fedha zake mwenyewe. Mwingine akakumbusha kwamba nchi imeingia katika uchumi wa kidijitali, nami nimebaki na gramafoni. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniudhi hasa, akaandika: "Angalau ungenunua kipya."

Sikuwajibu siku ile. Nawajibu leo hapa, hadharani, kwa kuwa kejeli ile imebeba fikra inayoigharimu nchi hii fedha nyingi zaidi ya zangu: kwamba kumbukumbu zetu zinajihifadhi zenyewe, mahali fulani, kwa mkono na kwa mfuko wa mtu mwingine.

Nianze na kitu chenyewe, maana wengi walidhani nimenunua spika. Santuri inapozunguka, sindano hupita ndani ya mfereji mwembamba na kutikisika. Katriji iliyoshika sindano hiyo huugeuza mtikisiko kuwa umeme, lakini umeme mdogo mno: milivolti 3 hadi 5 kwa katriji za kawaida, na chini ya nusu milivolti kwa zile nyingine za koili ndogo. Amplifaya ya kawaida haiwezi kuusikia. Kati ya mashine ya santuri na amplifaya lazima pawepo na kikuzaji cha awali, ambacho mafundi wetu hukiita priampu, chenye kazi ya kuukuza umeme huo mara mia moja, na kwa katriji za koili mara elfu moja. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nitoe fedha.

Santuri haikurekodiwa kama tunavyoisikia. Sauti za besi zikikatwa kwenye mfereji kwa ukubwa wake halisi, mfereji hupanuka ukagusa mwenzake, na sindano hutoka njiani. Kwa hiyo wakati wa kukata, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa. Wakati wa kucheza, priampu huurudisha uwiano kwa kufanya kinyume chake. Tangu 1954 kampuni za dunia zilianza kufuata kipimo kimoja cha kupunguza na kuongeza huko, kile cha chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi zake RIAA. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Ukiicheza santuri ya zamani hizo kwa kipimo cha leo, utasikia sauti, ila si sauti iliyowekwa pale. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kwa meli kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodi. Tangu siku hiyo hadi kupatikana kwa kipimo kimoja ilipita zaidi ya robo karne ya nyimbo za Kiswahili juu ya sahani za mizunguko 78 kwa dakika, na kila sahani inamtaka msikilizaji ajue kwanza ilikatwaje.

Priampu za bei rahisi, zile mpya ambazo wenzangu walitaka ninunue, zina kipimo kimoja tu. Zina ukuzaji wa kiwango kimoja, chipu moja ndani, na kasha lililobandikwa kwa gundi. Niliyoinunua ina swichi ya kuchagua kipimo cha kurekodi, ina uwezo wa kuhudumia katriji za aina zote mbili, na ina kitufe cha mono. Kitufe hicho si mapambo. Santuri zetu nyingi za miaka ya 1960 ni za mono, na ukizicheza kwa katriji ya stirio bila kuunganisha mikondo miwili, unasikia mikwaruzo yote ya mitikisiko ya juu na chini ambayo kwenye muziki haimo kabisa. Juu ya yote hayo, kasha lake limefungwa kwa skrubu nane. Nitarudi kwenye skrubu hizo.

Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na stesheni ya Makambako ikawa dirisha letu la kuutazama ulimwengu: upande mmoja Dar es Salaam, upande wa pili Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kwa jumla. Wengine wanaikumbuka reli ile kwa shaba na mbolea. Sisi nyumbani tunaikumbuka kwa santuri. Zilizotoka mashariki zilikuwa zimefyatuliwa Nairobi, kwa sababu Tanzania ya wakati ule ilikuwa na bendi hodari zisizohesabika ila haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri kinachofanya kazi. Zilizotoka magharibi zilifyatuliwa Ndola, ambako kampuni ya Teal ilikuwa na kiwanda. Baba alizinunua kwa wenzake wa treni, moja moja, kwa fedha ambayo mama anasema ingetosha kuezeka jiko. Alipofariki aliacha sanduku la mbao lenye santuri 63, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45, na tano za mizunguko 78 alizorithi kwa babu.

Historia ya sanduku hilo ni historia ya sera zetu, na nawaomba wanafunzi wangu wa sera za umma wasome polepole hapa. Bendi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kutangazwa hewani, na kanda zikabaki maktaba ya redio. Aliyetaka nyimbo zake ziuzwe dukani alisafiri hadi Kenya. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka karibu saba! Ilikuwa miaka ambayo dansi letu lilikuwa limeiva. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa upande ule wa mpaka uliofungwa. Ukiona kwenye sanduku la mzee wa Makambako santuri chache sana za mwisho wa miaka ya 1970, usidhani alichoka kusikiliza muziki.

Sasa ndugu yangu wa uchumi wa kidijitali ananiambia: yote hayo yako mtandaoni. Nilifanya jaribio. Nilichukua wimbo mmoja wa Mbaraka uliomo sandukuni, nikautafuta mtandaoni, nikaupata katika nakala nne. Moja iko juu kwa karibu nusu toni, maana yake iliendeshwa kasi kuliko inavyotakiwa kwa takriban asilimia 6. Mwimbaji amekuwa kijana kuliko alivyokuwa. Mbili zimetoka kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kwenye kaseti nyingine, na gitaa la besi limegeuka kuwa uvumi. Ya nne imesafishwa kwa programu hadi midundo ya ngoma imefanana na mtu anayebisha hodi mlango wa bati. Vijana wanaopiga gitaa leo wanajifunza kutoka kwenye nakala hizo. Wanaamini besi ya wazee ilikuwa dhaifu na ufunguo ulikuwa huo waliousikia.

Kila faili la kidijitali lilianzia mahali: palikuwa na sindano, palikuwa na priampu, palikuwa na mtu aliyechagua kipimo. Akikosea yule, kosa lake halichakai. Litanakiliwa mara milioni likiwa zima vilevile, na baada ya sahani yenyewe kuvunjika hakutakuwa na namna ya kulijua. Wanaotamka neno "kuhifadhi kidijitali" katika semina, huku projekta ikiwamulika usoni, hawatuambii hata siku moja ni nani atakayekaa kwenye meza ile ya kwanza na atatumia kifaa gani.

Kuna waliokaa. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa umetoa upya kwa heshima kubwa muziki wa pwani, na toleo lake mojawapo likahusu dansi la Tanzania la miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vijana wa Tanzania Heritage Project waliendesha kampeni ya kuchangisha fedha mtandaoni ili kanda za Radio Tanzania zihamishiwe kwenye mfumo wa kidijitali. Nawashukuru wote. Lakini hebu tutazame jambo hili bila haya: taifa lenye wizara ya utamaduni, lenye shirika la utangazaji na vyuo vikuu vyenye idara za sanaa, linasikia ujana wake likiwa mteja wa duka la Paris au kwa michango ya wapita njia. Nani hapo ni mbadhirifu?

Niwarudishe kwenye ununuzi, kwa kuwa naamini namna tunavyonunua vitu ni siasa pia.

Nilianza kwa kupiga hesabu ya kuagiza kutoka nje. Priampu kama hii, iliyotumika, ikinunuliwa Ulaya na kusafirishwa kwa jumla ya shilingi 900,000, hudaiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaotozwa bidhaa zilizokamilika katika pazia la pamoja la Afrika Mashariki: 225,000. Juu ya jumla hiyo inakuja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18: 202,500. Bado tozo ndogondogo, bado wakala, bado nauli kutoka Dar es Salaam. Ukiitafuta Japani, ambako vitu hivi huuzwa vikiwa safi kama vilivyotoka kiwandani, unakuta imetengenezwa kwa volti 100. Ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa volti 230, muziki utakaousikia ni mmoja na ni mfupi. Jedwali la ushuru halina jicho la kutofautisha kifaa cha majivuno ya sebuleni na kifaa cha maktaba. Vyote ni amplifaya.

Kwa bahati nilimpata mtu jijini Dar es Salaam aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao baada ya mkataba wake kwisha. Alitaka milioni moja na laki sita. Sitataja chapa, makala haya si tangazo. Nilimwomba picha ya bamba la nyuma ili nione volti, na picha ya ndani, kasha likiwa limefunguliwa. Muuzaji anayekataa kufungua kasha ameshakujibu. Huyu alifungua bila kusita. Kisha nikamtuma mdogo wangu anayeishi Tabata akafanye mambo ambayo yeyote anayenunua kifaa cha namna hii anapaswa kuyafanya: washa, usiweke santuri, ongeza sauti hadi mwisho, sikiliza ukimya. Mchirizo mwembamba kama mvua ya mbali ni wa kawaida. Mngurumo mzito ni dalili ya kapasita zilizokauka au waya wa ardhi uliokatika. Badilisha waya wa kushoto na wa kulia, uone kama kasoro inahama au inabaki palepale. Zungusha kila swichi taratibu. Ikikwaruza, ni kutu tu na husafishika, lakini ikizima upande mmoja, punguza bei au ondoka. Mdogo wangu alisikia mngurumo mdogo. Tukapunguziwa laki nne.

Ilifika Makambako kwa basi, nami nikaipeleka kwa fundi redio mwenye kibanda cha mabati si mbali na stendi. Fundi huyu hana cheti. Alijifunzia kwa mzee mwingine aliyekuwa akitengeneza redio za mkulima, na leo anaishi kwa kubadili vioo vya simu. Alizitazama zile skrubu nane kwa muda, akazifungua moja moja na kuzipanga juu ya kipande cha gazeti kwa mpangilio wa zilikotoka. Ndani kulikuwa na saketi iliyoandikwa: kila kapasita ina namba yake, kila nyaya mbili zinazokutana zina alama. Akanyamaza kidogo kisha akasema: "Mwalimu, huyu aliyeunda hiki alijua kuna siku nitakuja." Kapasita mbili za upande wa umeme zilikuwa zimevimba. Mpya zililetwa na basi la kesho yake. Gharama yote, pamoja na ujira, shilingi 45,000.

Nataka mtumishi wa umma aliyeniuliza kuhusu ubadhirifu aikumbuke namba hiyo kila atakapotia sahihi fomu ya kuondosha vifaa chakavu. Sote tunazijua stoo za serikali. Tunajua mashine zilizopangwa humo hadi darini, kila moja ikiwa imekufa kwa ugonjwa wa shilingi 45,000, zikisubiri mnada ili nafasi yake ichukuliwe na mpya, iliyofungwa kwa gundi, yenye udhamini wa mwaka mmoja. Tuna kanuni za 2021 za kusimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na nazipongeza. Lakini taka iliyo bora kusimamiwa ni ile isiyozaliwa, na isiyozaliwa inamhitaji fundi. VETA imekuwepo kisheria tangu 1994, na upo hata utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani. Nilimwuliza fundi wangu kwa nini hajaenda kupimwa. Akasema hajawahi kuona kazi ya ofisi yoyote ikiletwa kibandani kwake kwa sababu fundi ana cheti. Huletwa baada ya wenye vyeti kushindwa, tena jioni, tena kwa siri.

"Angalau ungenunua kipya." Ndugu yangu, kipya kisichofunguka umekikodi tu. Siku kitakaponyamaza utakitupa, na utanunua kingine kwa yule yule aliyekuuzia kifo chake. Nchi hii imevaa mtumba, imeendesha mtumba, imesomea vitabu vya mtumba, na bado ikimwona mtu amenunua kitu kilichotumika kwa kukichagua, kwa kukijua, kwa kukipima, inamcheka. Unyonge uko kwa anayenunua bila kujua anachonunua, kiwe kipya au cha zamani.

Nikirejea kwenye chombo changu: nilikifikisha Njombe, kilomita kama 60 kutoka Makambako, nikakiwasha, na mngurumo ukawa mkubwa kuliko wa Dar es Salaam. Nilimpigia fundi kwa hasira. Akaniuliza swali moja: "Nyumba yako ina ethi?" Hapa kuna jambo la kifizikia linalofurahisha, kama halikukuti wewe. Kile kipimo cha RIAA kinaziongeza sauti za besi, na pale kwenye hezi 50 nyongeza hiyo inakaribia desibeli 17. Hezi 50 ndiyo hasa mapigo ya umeme wa nchi yetu. Yaani uchafu wowote wa umeme wa nyumba unapenya pale ambapo priampu imeamriwa kukuza kuliko kwingine. Ni mkaguzi wa umeme asiyepokea bahasha. Tulipofungua soketi, waya wa ardhi ulikuwepo, wa kijani na manjano, umekatwa vizuri, umeishia ndani ya ukuta. Haukwenda kokote. Fomu ya nyumba ile ina muhuri wa mkandarasi na muhuri wa aliyemkagua. Wanangu wameoga kwa hita ya umeme katika nyumba hiyo kwa miaka mitano.

Tulipigilia fimbo ya shaba nje ya dirisha la jiko, katika udongo wa Njombe ambao kwa unyevu wake hauhitaji kubembelezwa. Mngurumo ukaisha. Sikujua kama nicheke au nimshukuru Mungu, maana kama si sahani za babu tungeendelea kuoga hivyo hivyo.

Lipo pingamizi moja ambalo sitalifanyia mzaha. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, binti kutoka Ludewa, alinijia baada ya kipindi akaniambia kwa adabu: "Shikamoo Mwalimu. Hiyo milioni na laki mbili, zahanati ya kijijini kwetu ingeweza kuifanyia nini?" Mengi. Naweza kumjibu kwamba wenye mshahara kama wangu wana skrini za inchi 65 sebuleni na hakuna anayewauliza kuhusu zahanati. Ni kweli, lakini si jibu. Jibu nililompa ni kwamba fedha ile ilikuwa yangu, kwamba niliumia kuitoa, na kwamba kazi niliyoifanya kwa fedha hiyo haikupaswa kuwa yangu. Ingekuwapo mashine moja kama hii katika maktaba ya mkoa, moja tu, pamoja na mtu aliyefundishwa kuitumia, nisingenunua. Kila kitu cha umma kinapokosekana, mwenye nacho hujinunulia chake, na asiye nacho hukikosa kabisa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa maji, kwa shule, kwa ulinzi wa usiku, na sasa hata kwa sauti ya Mbaraka. Binti yule alinisikiliza akasema, "Basi Mwalimu, andika hivyo." Nimeandika.

Na niandike pia ninachokitaka, wasije wakasema nalalamika tu. Maktaba ya mkoa mmoja, mmoja wowote, ipewe mashine ya santuri, priampu yenye vipimo vya zamani, na sindano za aina mbili, kwa kuwa mfereji wa sahani ya mizunguko 78 ni mpana karibu mara tatu kuliko wa zile za baadaye na sindano moja haiwezi yote. Ruhusuni katika manunuzi ya umma kifaa kilichotumika pale ambapo kipya hakifunguki. Mnaoandaa mapendekezo ya bajeti, ombeni nafuu ya ushuru kwa vifaa vya kunakilia sauti vinavyoingizwa na maktaba na vyuo. Na kanda zile za redio ya taifa, watangazieni wananchi ziko ngapi, ngapi zimenakiliwa, kwa mashine gani, na nani anaruhusiwa kuzisikiliza.

Kaka zangu walitaka kuliuza sanduku. Alikuja mtu na gari kutoka Dar es Salaam, anazunguka mikoani akikusanya santuri, akatoa bei ya shilingi 5,000 kila moja: 315,000 kwa maisha yote ya baba ya kusikiliza. Simlaumu, ni mfanyabiashara, na santuri anazozipeleka nje huenda zitatunzwa kuliko chini ya vitanda vyetu, ambako ukungu wa Njombe huota hadi kwenye makasha. Tulikubaliana nipewe muda wa kunakili kwanza.

Mama alikuja kutoka Makambako Jumapili ya tatu. Alikaa kwenye kiti cha mbele ya spika, kanga imefunika mabega kwa ajili ya baridi, nikamwekea ile santuri ya Mbaraka ambayo nakala zake nne za mtandaoni nilizieleza. Hakusema neno hadi ilipokwisha. Kisha akasema: "Kumbe saksafoni ni mbili." Akanyamaza. "Baba yako alikuwa anasema ni mbili, nami nikimbishia." Aliniomba niirudie, nikairudia.

Kaka zangu hawajalizungumzia tena suala la kuuza. Hadi leo nimenakili santuri 41 kati ya 63, kila moja ikiwa na maandishi ya kipimo nilichotumia, sindano niliyotumia na kasi. Kuanzia mwezi ujao, Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, nitakuwa na mashine hii Makambako kibandani kwa fundi, kuanzia saa nne asubuhi. Mwenye santuri ya mzee wake aje nayo. Tutainakili bila malipo na ataondoka na sahani yake pamoja na nakala. Iletwe ikiwa imesimamishwa wima, isilazwe, na tafadhali isifutwe kwa shati.